Nguo Walizozikataa

Mwanamke wa Tanga akija kununua kanga huanza na vidole. Hukamata pindo akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na sikio lake liko papo hapo, maana kanga iliyotiwa wanga mwingi hulia kama karatasi. Kisha huilowesha ncha, akaibana ndani ya kitambaa cheupe aone kama inachuja. Huinyanyua mbele ya mwanga wa mlango atazame nyuzi zilivyokaribiana. Baada ya yote hayo ndipo hulisoma jina, na kama si jina la kutuma kwa wifi wala la kumnyamazisha jirani, huirudisha doti mezani. "Hii hapana, mama. Nitapita ukileta nyingine."

Nimekulia katika kibanda cha kanga cha Ngamiani, zamani chini ya meza ya mama yangu, sasa nyuma yake. Hiyo "hii hapana" ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu vya biashara ya kale ya pwani hii, na nilichokikuta humo kilinikera. Vingi husema nguo zililetwa. Waarabu walileta, Wahindi walileta, Wazungu walileta, na Mwafrika anachorwa amesimama ufukweni, mikono mbele, akisubiri kupewa. Lakini ukiwasoma wafanyabiashara na wasafiri wenyewe wa karne ya 19 unakuta watu waliojaa hofu. Wanaogopa kufika bara na robota la nguo ambayo msimu huu haitakiwi. Wanaulizana Unguja na Bagamoyo: Wagogo wanataka nini mwaka huu? Unyamwezi wamehamia rangi gani? Naamini kwa dhati kwamba viwanda vya mbali, vya Marekani, Bombay na Uholanzi, vilifanya kazi kwa amri ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na amri yenyewe ilitolewa kwa kukataa.

Walikataa kwa sababu kazi waliijua. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wamefukua vijiduara vya kusokotea pamba, vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vingine vya zaidi ya miaka 700. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliukuta mji unaofuma nguo zake mwenyewe na kuzipeleka hadi Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ameacha habari ya Sofala ninayoipenda kuliko zote. Waislamu wa kule walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kutia. Basi walinunua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua uzi baada ya uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe, wakapata nguo ya rangi mbili waliyoitaka wao. Mtu anayeweza kuifumua nguo ya Mhindi na kuifuma tena kwa mtindo wake, mtamuuzia kitambaa kibovu kwa lugha gani?

Bara nako kulikuwa na mitambo ya kufumia. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliwakuta wafumaji Unyamwezi. Ufipa walifuma nguo nzito za pamba kwa muda mrefu baada ya hapo. Buganda walikuwa na magome ya mti wa mutuba yaliyopondwa hadi yakawa laini, nguo ya heshima kuliko nyingi zilizotoka ng'ambo. Kwa hiyo msafara ulipotokea na marobota yake haukukuta watu walio uchi wakingoja kusitiriwa. Ulikuta watu wenye nguo zao, na wenye maoni.

Maoni hayo yalikuwa na majina. Leo mtu akisema nguo, kitambaa au shuka anadhani amemaliza. Wakati wa misafara mpagazi yeyote wa Kinyamwezi angekuorodheshea: merikani, kaniki, debwani, sohari, subaya, barsati, rehani, kunguru, ismaili, joho, jamdani, kikoi. Kila moja ilikuwa na ukingo wake, mistari yake, bei yake na mahali pake. Sohari na debwani zilitoka kwa wafumaji wa Omani, waliokaa mashimoni mbele ya vitanda vyao vya kufumia wakimtengenezea nguo mtu wa Tabora ambaye hawangemwona kamwe. Kunguru ilikuwa ya mirabaraba, kutoka Bara Hindi. Kaniki ilikuwa buluu ya nili iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Msafiri Henry Morton Stanley alifika Unguja Januari 1871, hajui lolote, na alitakiwa kulisha watu wake njia nzima hadi Ujiji. Fedha ya sarafu bara haikumfaa kitu, kwani nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Aliwauliza wafanyabiashara wenyeji, nao wakamwelekeza: nunua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Hesabu ilikuwa kwamba watu 100 wangekula doti 10 kwa siku. Na hizo za rangi hazikuwa za kuokota tu. Barsati, wakamwambia, inapendwa sana Unyamwezi. Sohari ndiyo inayopokewa Ugogo. Akikosea, atabeba mzigo usio na thamani katikati ya nyika huku watu wake wakiwa na njaa, na hongo ya Ugogo, ule ushuru wa njia, ikimsubiri kwa kila mtemi.

Doti ni mikono minane. Mkono ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni upande mmoja, au shuka, na pande mbili zilizoshikana ndizo doti. Nikizitandaza doti 3,650 za Stanley kwa akili, napata utepe wa nguo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 13, umebebwa kwenye mabega ya watu. Kila mzigo ulikunjwa na kukazwa kwa kamba ukawa mtumba, na mpagazi mmoja alibeba kiasi cha farasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria na bunduki. Kanga zangu leo huuzwa kwa doti ile ile, pande mbili zisizokatwa, ingawa upimaji wa mkono umekwisha.

Uchaguzi ulikuwa mkali vivyo hivyo kwenye shanga. Msafiri Joseph Thomson, alipokuwa akielekea Umasaini mwaka 1883, alilazimika kusimama Taveta ili shanga zake zote zitungwe upya kwa urefu walioukubali Wamasai. Zilitoka Ulaya zimetungwa, lakini kwa kipimo kisicho chao, na kwa kipimo hicho zisingepokewa. Kambi nzima ilikaa chini ikatunga.

Sasa merikani. Hii ndiyo iliyokuwa mama wa nguo zote, na historia yake inaniuma hadi leo. Ilikuwa nguo ya pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyokaa, nzito, imebanwa vizuri, haina wanga wa kuficha udhaifu wake. Ukiifua inazidi kulainika na kuwa nyeupe. Ilivaliwa, ilikatwa kanzu, ilishonwa matanga ya vyombo, ilizikiwa watu. Ilitoka Massachusetts. Mabaharia wa mji wa Salem walianza kutia nanga Unguja katika miaka ya 1820, wakifuata pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini katika mrima wetu, ambao Wamarekani waliusafisha na kuugeuza vanishi ya fanicha. Mwaka 1833 sultani wa Unguja, Sayyid Said, alitiliana saini mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 akaja konseli wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, aliyefanya biashara bega kwa bega na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Unguja. Sultani naye akajaribu njia ile ile kwa chombo chake: mwaka 1840 meli Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, ilifika New York na tende, kahawa, karafuu na pembe, na ikarudi na marobota ya merikani. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Salem yenyewe ikapata kiwanda kikubwa cha mvuke, Naumkeag, na jina hilo la Wahindi Wekundu likawa sehemu ya biashara ya Unguja.

Waingereza walikuwa na nguvu kuliko Wamarekani kwa kila kipimo. Walikuwa na manowari, walikuwa na balozi aliyemkalia sultani begani, walikuwa na viwanda vya Manchester ambavyo dunia nzima ilivitetemekea. Nguo zao hazikuishinda merikani. Zilikuwa nyepesi, zimejazwa wanga, zikifuliwa mara moja zinabaki wavu. Mnunuzi wa Tabora alisugua kwa vidole vyake kama anavyosugua mteja wangu, akasema hapana, na manowari haikuweza kumlazimisha.

Ila pamba ya merikani ilichumwa na watumwa. Ilitoka katika mashamba ya kusini mwa Marekani, ikasokotwa na wasichana wa viwandani huko kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikafika Unguja, ambako ilimfunika mtumwa mwingine aliyekuwa juu ya mkarafuu. Ilipelekwa bara kununua pembe, na pembe zilibebwa hadi pwani, baadhi mabegani mwa watu waliotekwa, zikasafirishwa hadi miji midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa kuwa vitufe vya piano. Nikifikiria binti wa Boston akijifunza kupiga piano jioni, na mama wa Manyema aliyeipoteza familia yake kwa ajili ya jino lile la ndovu, naona uzi mmoja wa pamba umewafunga wote wawili, na ni mmoja tu kati yao aliyejua kwamba amefungwa.

Kisha Marekani ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Kuanzia 1861 hadi 1865 pamba ya kusini haikutoka, bei ilipaa, merikani ikaadimika Unguja. Hapo ndipo ungetegemea mnunuzi akubali chochote. Hakukubali. Waingereza walijaza pengo kwa nguo zilizoigiza merikani, zikapokewa kwa shingo upande. Walioielewa lugha ya vidole walikuwa watu wa Bombay. Kiwanda cha kwanza cha pamba kule kilianzishwa mwaka 1854 na Cowasji Davar, na baada ya vita wenye viwanda walikuwa na kitu ambacho Manchester haikuwa nacho: ndugu na mawakala waliokaa madukani Unguja, Mombasa na Bagamoyo, wakisikia kila siku nini kimerudishwa na kwa nini. Wakafuma uzito ule ule, ukavu ule ule. Hadi kufikia miaka ya 1880 merikani ya Bombay ilikuwa imeshaichukua nafasi ya Wamarekani, na watu wakaendelea kuiita merikani, maana walichokiamini ni kitambaa.

Nimesema mnunuzi aliamrisha, na lazima niseme ni nani hakuamrisha. Mtumwa hakuchagua. Alitupiwa upande wa merikani au kaniki na bwana wake, akajifunga kiunoni au chini ya kwapa, kichwa wazi, miguu mitupu; kofia na viatu mbele ya waungwana vilikuwa haramu kwake. Mama yake bibi yangu alikuwa mjakazi kwenye mashamba ya miwa ya Pangani. Bibi alipokuwa hai, kaniki haikuvuka kizingiti cha nyumba yake. Waganga walimwendea mama dukani kuitafuta, kwa ajili ya mambo yao ya mizimu, na mama alikuwa akiwaelekeza kwa jirani. "Mwanangu," bibi aliwahi kumwambia mbele yangu, "hiyo nguo mama yangu hakuiomba."

Kwa hiyo siishangai kasi ambayo kanga ilienea. Ilianza katika miaka ya 1880 au karibu na hapo. Wanawake wa mjini, Unguja na Mombasa, walinunua leso za mkononi zilizokuja katika majora, wakazikata sita sita, tatu juu tatu chini, wakaziunga kuwa nguo moja pana yenye madoa na mapambo ambayo hakuna bwana aliyewagawia. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza kipande kizima kilichochapwa namna hiyo. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, wanawake walioachiwa huru waliivua kaniki na kuchagua kanga. Kuchagua kwenyewe kulikuwa kitendo. Kwetu Tanganyika walisubiri hadi 1922.

Sasa ukaja ukali wa fasheni ambao wauza nguo wa Ulaya hawakuwahi kuuona. Viwanda vya Uholanzi, hasa kile cha Van Vlissingen mjini Helmond, vilichapa kanga kwa ajili ya wanawake wa Unguja kwa kufuata michoro iliyotumwa kutoka huku. Mchoro uliopendwa mwezi huu ungeweza kukataliwa kabla meli haijafika, na jora zima likabaki ghalani. Kisutu peke yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, haikuchuja kwa kupita msimu, na bado harusi ya pwani haifungwi bila hiyo. Majina yalipoanza kuchapwa juu ya nguo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa Kirumi. Mombasa, kwenye barabara iitwayo leo Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lilijenga jina lake, Mali ya Abdulla, kwa kuyasikiliza majina waliyotaka wanawake na kuyapeleka kwa wachapaji. Mzee wa Kihindi mwenye kalamu, anayesikiliza ugomvi wa mitaa na kuupeleka kiwandani! Hakuna mwandishi wa pwani aliyesomwa kuliko watu wale.

Kanga za Japani zilifuata, na mama alizikumbuka kwa mapenzi, hazichuji. Kisha, uhuru ukiwa mchanga, tukajichapia wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vilijengwa Mwanza na Musoma. Sasa pamba ya Usukuma iliweza kumfikia mwanamke wa Tanga bila kuonja maji ya chumvi.

Lakini miaka iliyofuata ndiyo pekee niliyowahi kumwona mnunuzi amenyamazishwa. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikwisha, vipuri havikuja, viwanda vikasinzia. Nilikuwa mtoto. Tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na ukifika mbele ulipewa doti moja, iliyo juu ya rundo. Hakuna kusugua, hakuna kuinua mbele ya mwanga. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, na kanga za Mombasa zilipenya usiku kutoka Vanga, kwa mashua na kwa njia za miguu za Wadigo, kwa bei ya kumliza mtu. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na dawa yao. Wakitoka foleni walikutana uani kwa mmoja wao, wakazitandaza kanga zote mkekani, na kuanza kubadilishana. Hii kwangu haikai, nipe hiyo yako, mwite na mama fulani alete yake. Jua likizama kila mmoja alikuwa ameondoka na kanga aliyoichagua, au iliyo karibu na aliyoitaka. Mama alisema hajawahi kuona biashara ngumu kama ile, na hakuna senti iliyopita.

Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ya nguo kuukuu za Ulaya na Marekani iliingia na kuwaumiza sana wafumaji wetu, na viwanda kadhaa havikuamka tena. Gauni na suruali zilishindwa. Kanga haikushindwa, kwa sababu hakuna mwanamke wa Ulaya anayeweza kuivaa kisha akaitupa ije kwetu.

Siku hizi michoro inanijia kwa simu. Wakala wa Kariakoo hunitumia picha za sampuli kabla hazijachapwa, nyingine za viwanda vya Dar es Salaam, nyingine za India, nami huwaonyesha wateja ninaowaamini. Mwanzoni mwa Ramadhani iliyopita alinitumia moja ya korosho kubwa za kijani, pindo la zambarau. Niliipenda mno, nikataka kuagiza robota zima. Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni aliishika simu, akaitazama, akauliza kama rangi hiyo ya zambarau wataikoleza au wataiacha ilivyo. Nikasema sijui. "Waulize. Wakiikoleza nachukua tatu, moja yangu na mbili za wanangu. Wakiiacha hivi, mama, hata wasijisumbue." Niliandika maneno yake kama yalivyo na kuyatuma Kariakoo. Wakala akajibu asubuhi yake kwamba kiwandani wameshaambiwa hivyo hivyo na wauzaji wa Lindi, na kwamba zambarau inarudishwa jikoni kupikwa upya.